Macho na Masikio ya Wazee Wetu, na Yanayoingia Moyoni Mwao

 

Somo letu la leo ni khabari ya wazee ambao kusikia kwao au kuona kwao kumepungua, na jinsi upungufu huo unavyoingia katika akili na moyo. Tumelichagua kwa kuwa limo majumbani mwetu, hapa Muthurwa na katika mitaa ya jirani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Tena kwa kuwa mengi yanayosemwa juu ya wazee hawa si kweli, na neno lisilo kweli huzaa dhuluma. Husemwa, "Mzee akili zimemruka." Husemwa, "Ameingia utotoni." Husemwa, "Ana mashetani." Na wako wasemao neno baya kuliko yote hayo, kuwa ni mchawi.

Sisi twasema kuwa mara nyingi akili ya mzee huyo ni timamu, illa milango ambayo akili huingilia na kutokea ndiyo iliyofungwa. Haitujuzii kuihukumu akili ya mtu kabla ya kuyatazama masikio yake na macho yake. Hili ndilo tunalotaka lishikwe katika somo hili, na yote yafuatayo ni kulieleza.

Uziwi huu umetoka wapi?

Muthurwa ni mtaa uliojengwa na Reli kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Waliokaa humu walikuwa watu wa karakana, watu wa injini za moshi, watu wa kupiga nyundo mabati ya boila, na watu wa kuunganisha mabehewa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, waliobaki wakawa chini ya Reli ya Kenya. Na mwaka 2006 uendeshaji wa treni ulipokabidhiwa kampuni binafsi, wengi waliachishwa kazi. Wakatoka na malipo yao ya uzeeni, na wakatoka na masikio yao yaliyokwisha kuliwa na chuma. Na kelele hazikukoma baada ya hapo. Ziko nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ziko honi za matatu za Landhies Road, na tangu mwaka 2008 liko soko la Muthurwa na kituo chake.

Sharti tujue namna sikio linavyoharibika. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kuipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele za miaka mingi huviua, na uzee nao huviua, na vikifa haviоti tena. Vya kwanza kufa ni vile vinavyopokea sauti nyembamba. Kwa hiyo mzee husikia a, o na u za maneno yetu, lakini s, f, t na sh humpotea. Ndiyo maana utamsikia akisema, "Sauti naisikia, lakini usemalo silifahamu." Watu wakadhani anafanya maskhara, au anasikia atakapo tu. Mwambie mzee wa namna hii aje saa sita, yamkini atakuja saa tisa, kwani maneno haya mawili hupambanuliwa na herufi zile zile zilizompotea. Akija saa tisa, nyumba nzima husema kuwa amesahau. Hakusahau kitu! Aliambiwa neno ambalo halikufika.

Wala jambo hili si la Muthurwa pekee. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa zaidi ya robo ya watu waliopita umri wa miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowazuia katika maisha yao. Ama macho, uchunguzi mkubwa uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kuwa mtoto wa jicho ndiye aliyeongoza katika kupofusha watu, naye ni katika maradhi yanayotibika.

Madhara yanayoingia moyoni

La kwanza ni kuchoka. Asiyesikia sawasawa hulazimika kuyabuni maneno yaliyompita, na akili yake yote huishia katika kutafuta ni neno gani lililosemwa. Haibaki nguvu ya kulikumbuka. Basi akisahau, si kwamba hazina imeharibika, bali kitu hakikuwekwa humo tangu mwanzo.

La pili ni kujitenga. Mzee huacha kwenda barazani kwa sababu hucheka mahali pasipo kucheka, akaona haya. Huacha kwenda arusini na matangani. Mwisho huacha hata darsa na jamaa, akakaa chumbani mwake. Na mwanadamu aliyekaa peke yake siku nyingi, moyo wake hunyauka.

La tatu ni dhana mbaya. Huona midomo ikienda, wala hasikii. Huona wajukuu wakicheka, wala hajui wachekeani. Hudhani kuwa asengenywa, au kuwa fedha zake zinapangiwa hila. Na ulimi wake ukipoteza ladha, na pua yake ikipoteza harufu, kama inavyowatokea wengi uzeeni, chakula kikambadilikia kinywani, huenda akadhani kimetiwa kitu. Kosa hapa si la roho mbaya, ni la khabari zisizotimia.

La nne, nalo halijulikani na wengi, ni kuona visivyokuwapo. Mzee ambaye macho yake yameingia giza aweza kuona watoto wamesimama ukutani, au maua, au watu wadogo wakipita kimya. Mwanachuoni mmoja wa Uswisi aitwaye Charles Bonnet aliliandika jambo hili mwaka 1760, kwa kumtazama babu yake aliyekuwa na akili timamu na macho mabovu. Na matabibu mpaka leo huuita ugonjwa huu kwa jina lake. Ubongo uliozoea kupokea picha, ukinyimwa, hujichorea wenyewe. Hali kadhalika masikio yaliyopungua huvuma na kulia kengele ndani kwa ndani. Wangapi wamepelekwa kwa waganga kupungwa mashetani kwa mambo haya, na fedha zikaliwa, na mzee akafanywa kichekesho, hali ya kuwa alihitaji daktari wa macho!

Ya tano ni huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, ambayo huitwa unyogovu. Dalili zake kwa mzee ni kukosa raha na kila alichokuwa akikipenda, kukosa usingizi au kulala mno, kuacha chakula, kujiona kuwa ni mzigo, na kukaa hali hiyo karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili na zaidi. Imethibiti kwa matabibu kuwa wenye kupungukiwa na kusikia au kuona hupatwa na huzuni hii zaidi kuliko wenzao, na waliopungukiwa na yote mawili hali yao ni nzito zaidi.

Tena liko jambo la maradhi yenyewe ya kusahau, yanayoharibu akili kwelikweli. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la tiba liitwalo The Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa kuna mambo 14 yanayozidisha hatari ya maradhi hayo na ambayo yaweza kuzuilika au kupunguzwa. Na katika hayo wakataja kupungua kwa kusikia, na kupungua kwa kuona kusikotibiwa. Na mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84. Baadhi yao walipewa vifaa vya kusaidia kusikia, na baadhi hawakupewa, wakatazamwa miaka mitatu. Kwa jumla yao wote haikuonekana tofauti. Lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi ya kupoteza akili, waliopewa vifaa akili zao zilipungua polepole zaidi, kiasi cha karibu nusu ya walivyopungua wenzao. Basi hatusemi kuwa kifaa cha sikio ni kinga ya kila mtu. Twasema kuwa kukipuuza ni kuacha sababu njema aliyoiumba Mwenyezi Mungu.

Mazingatio katika kisa cha Nabii Yaakub

Katika Sura ya Yusuf tumekhubiriwa kuwa Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Baadaye msafara ulipotoka Misri na kanzu ya Yusuf, mzee yule akasema kuwa ainusa harufu ya Yusuf, naye akikhofu kuwa watamhesabu kuwa akili zake zimedhoofika kwa uzee. Na kweli waliokuwa pamoja naye walimjibu kuwa yumo katika upotofu wake wa zamani. Kisha ikaja kanzu, ikawekwa usoni pake, akarejea kuona.

Tupate humo mambo matatu. Kwanza, huzuni kubwa ilimpata Nabii, wala haikuwa upungufu wa imani. Basi asiambiwe mzee mwenye unyogovu kuwa imani yake ni haba. Pili, macho na moyo ni majirani. Linalomgusa huyu humfikia yule, katika kuugua na katika kupona. Tatu, nalo ndilo kubwa katika somo letu, watu wenye macho yao walimdhania mzee huyo kuwa amepungukiwa na akili, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akisema kweli, na wao ndio wasiojua.

Na tumtazame Abdallah bin Umm Maktum, sahaba aliyekuwa kipofu. Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini, na zaidi ya mara moja akamwachia Madina alipotoka safarini. Alikuwa haadhini alfajiri mpaka watu wamwambie kuwa kumekucha. Wao wakampa macho yao, naye akawapa sauti yake. Hakuwekwa pembeni kulishwa tu, alipewa kazi yenye heshima. Na kazi yenye heshima ni dawa kubwa ya moyo.

Masuala na majawabu

Baadhi ya watu husema: "Imepokewa katika hadithi kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee, basi ya nini kumhangaisha mzee?" Jawabu yetu ni kuwa uzee hauna dawa, kweli, lakini mtoto wa jicho si uzee, ni maradhi yanayofuatana na uzee. Ni ukungu katika kioo cha jicho, na daktari hukitoa kioo kile akaweka kingine kilichotengenezwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Hadithi hiyo hiyo yaanza kwa kuwaamuru watu wajitibu. Waliochunguzwa Kenya, Bangladesh na Ufilipino mwaka mmoja baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho walionekana wamerudia kazi zao za nyumbani na za riziki. Basi vipi tuliite jambo hili uzee?

Wengine husema: "Aliyepoteza macho akasubiri ameahidiwa Pepo, basi na asubiri." Jawabu: ahadi ni ya kweli, lakini subira ni kwa lile lisiloondoka. Aliye na njia ya kuliondoa, na ajitibu, na asubiri katika kujitibu kwake. Tena ni wepesi ulioje kumwusia mwenzako subira kwa macho yake yeye, ilhali yako yaona!

Wengine huogopa sala na saumu zao. Katika madhhab yetu ya Imamu Shafii, ameeleza Imamu Nawawi kuwa tabibu mwaminifu akimwambia mgonjwa wa jicho kuwa akisali kwa kulala chali ataweza kutibika, anayo ruhusa ya kuacha kusimama. Ikiwa haliwezi kutiwa maji jicho, sharia imeweka tayamamu, na amwulize mwalimu wake namna yake. Dawa ya matone ya jicho haifunguzi saumu katika madhhab yetu. Ama ya sikio, kauli yenye nguvu kwa wanavyuoni wetu ni kuwa yafunguza. Basi na itiwe usiku, na mwenye dharura ana udhuru wake. Kifaa cha sikio hakizuii udhu, kwani kupaka masikio ni sunna. Lakini katika josho la faradhi na kitolewe.

Na wengine huuliza: "Tumekatazwa kumwambia mzazi hata neno la kuguna, basi tutasemaje na mzazi asiyesikia, na kupaza sauti ni kumvunjia heshima?" Jawabu: kupaza sauti ili afahamu na kukaripia ni mambo mawili. Lakini na tujue kuwa kupiga makelele hakumsaidii. Huipotosha sauti na huukunja uso wa msemaji, na mzee huusoma uso kabla ya neno. Mkaribie, mguse bega, simama mbele yake penye mwanga, useme polepole kwa sauti nzito iliyo wazi. Asipofahamu, geuza neno kwa jingine, usilirudie lile lile mara tatu. Na usimwambie, "Wacha, si kitu." Neno hili dogo ndilo limfukuzalo barazani. Twaona kuwa nalo ni katika maana ya kule kuguna tulikokatazwa.

Onyo juu ya tuhuma ya uchawi

Dhuluma hii yaweza kufika mpaka kuua. Katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 2021, katika Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Katika Kilifi, pwani yetu, wazee wametoroka makwao kwa tuhuma hizo hizo wakakimbilia Kaya Godoma huko Ganze. Mzee asemaye peke yake kwa kuwa hajui kama asikiwa, atembeaye usiku kwa kuwa giza na mwanga kwake ni mamoja, asiyeitika salamu kwa kuwa haikumfikia: huyu ndiye wampangiao uchawi. Mwenye kulieneza neno hilo juu ya mzee atakuwa na sehemu yake katika damu ikimwagika.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, kila mmoja wetu amtazame mzee wa nyumba yake na wa chumba cha pili. Akionekana kusahau au kununa, aanze kwa sikio: huenda pameziba nta tu, na nta hutolewa na mganga wa hospitali kwa dakika chache, asichokonoe mtu kwa njiti. Kisha macho: huenda yataka miwani ya kusomea tu, isiyo ghali. Kisha apimwe kisukari na presha ya macho, kwani kuona kulikoondoka kwa maradhi haya mara nyingi hakurudi, na faida iko katika kuwahi. Zipo kliniki za macho na masikio katika Hospitali ya Kenyatta, na ipo hospitali ya macho ya Kikuyu. Wala asitiwe mtu dawa za majani machoni.

Pili, mzee mwenye dalili za unyogovu apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe pia khabari ya kusikia na kuona kwake. Akisema kuwa hana haja ya kuishi, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Jina la Mathari limefanywa tusi katika mji huu. Hospitali hiyo ipo tangu mwaka 1910, na kutibiwa humo si aibu kuliko kutibiwa mguu.

Tatu, mzee asiyeona asihamishwe ovyo. Wenyeji wengi wa Muthurwa walipewa notisi ya kuhama mwaka 2010, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama ikatamka kuwa haki yao ya makazi ilikuwa imevunjwa. Sisi twaongeza maana moja: asiyeona huijua nyumba yake kwa miguu na mikono. Ajua ngazi ni ngapi, na bomba la maji liko hatua ngapi. Ukimhamisha, umempofusha mara ya pili. Ikibidi kuhama, na afundishwe mahali papya kwa subira, na vyombo vyake vipangwe kama vilivyokuwa.

Nne, serikali huwapa wazee waliopita miaka 70 walioandikishwa katika Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo hazitoshi kununua kifaa cha sikio. Basi jamaa ya darsa, na wenye zaka wawaangalie mafakiri katika wazee hawa. Miwani na vifaa vya kusikia ni haja yao kama unga ulivyo haja yao.

Tano, katika darsa zetu wenye masikio mazito wakae mbele, na mwalimu asome akiwaelekea. Na kila mzee aliyeacha kuja atumiwe kijana wa kumwongoza na kumweleza yaliyomo, tena aulizwe naye, kwani wengi wao wana elimu na khabari za mtaa huu ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mzee akiulizwa akajibu, hujua kuwa bado yumo katika watu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atustareheshe kwa masikio yetu na macho yetu maadamu tuhai, na awape wazee wetu faraja, na atuongoze sisi tuwe macho yao na masikio yao. Na Yeye ndiye Mwenye kuwafiki.